Funga Daftari Kwanza

Chukua mada uliyoisoma jana, ile unayoamini imeshaingia kichwani. Funga daftari, funga kitabu, weka karatasi tupu mezani, kisha andika kila unachokikumbuka bila kuchungulia. Wengi huandika mistari minne mitano, kalamu inasimama. Wakifungua daftari, neno la kwanza kuwatoka ni "Aa, hili nalijua!" Hapo ndipo maksi zinapopotelea. Ulilijua ulipoliona, na karatasi ya mtihani haikuonyeshi kitu. Inakuuliza.

Kutambua ni jambo moja, kukumbuka ni jingine. Sura ya mtu unaweza kuitambua katikati ya umati huku jina lake limekwama ulimini. Kila unaposoma tena ukurasa uleule, sura yake inazidi kuzoeleka, na mazoea hayo yanajifanya maarifa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyesoma notsi mara tano huingia chumbani akijiamini na kutoka akilalamika kwamba swali "lilizungushwa". Aghalabu halikuzungushwa. Lilimtaka atoe kitu alichozoea kukiangalia tu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi waliopewa kifungu kifupi cha maandishi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika lilichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikuwa mbele: walikumbuka 83% dhidi ya 71%. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tu walibaki na 40%, waliojipima wakabaki na 61%. Kinachochekesha ni kwamba walipoulizwa watakumbuka kiasi gani, waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi. Hisia ya "nimeelewa" ni shahidi wa uongo, na ratiba nyingi za kudurusu zimejengwa juu ya ushahidi wake.

Karatasi tupu, kwa undani

Soma kipande kidogo cha mada kwa dakika 20 hadi 25, si sura nzima. Funga kila kitu. Pumzika dakika 10 ukifanya jambo jingine, maana ukiandika papo hapo unanakili kilichobaki machoni. Kisha andika kwa dakika 10: maneno, mishale, michoro, hata kama mwandiko ni mbaya. Unapokwama, vumilia nusu dakika kabla ya kukata tamaa. Kule kujikuna kichwa ndiko kunakojenga kumbukumbu, na mwenye kuchungulia mapema anajinyima kile alichokikalia kitako. Mwisho, fungua daftari, shika kalamu ya rangi nyingine, jaza ulichoacha na usahihishe ulichokosea.

Tuseme mada ni mzunguko wa damu. Mwanafunzi anaandika hivi: "Damu inaingia moyoni upande wa kulia, inapelekwa kwenye mapafu, inapata oksijeni, inarudi upande wa kushoto, inasukumwa mwilini." Hakuna kosa hapo. Mifupa ipo, nyama haipo. Akifungua daftari, kalamu nyekundu inaongeza: damu huingia kwanza chumba cha juu, kisha cha chini; kati ya vyumba hivyo kuna vali zinazozuia damu kurudi nyuma; ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, kinyume cha ateri nyingine; ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu unasukuma damu hadi vidoleni, wakati mwenzake anaifikisha mapafuni tu. Tazama hayo mambo manne yaliyoandikwa kwa nyekundu. Mtunzi wa mtihani akitaka kumtofautisha aliyeelewa na aliyesikia juujuu, atauliza yapi? Hayohayo.

Kwa hiyo wino wa rangi ya pili ndio orodha yako ya kusoma. Ila usifanye kosa la kurudia yale mekundu peke yake. Kukumbuka kitu mara moja si kibali cha kukiacha. Safari ijayo andika mada nzima tena, uone kama wekundu umepungua. Na usiache kusahihisha. Anayejipima bila kuhakiki anaweza kukariri kosa lake mwenyewe kwa ufasaha mkubwa.

Kadi za maswali

Kadi zina sifa nzuri kuliko zinavyostahili, kwa sababu wengi huzitengeneza vibaya. Kadi mbaya ina neno "Moyo" upande mmoja na mistari tisa upande wa pili. Hiyo ni notsi iliyokatwa kwa mkasi. Ukikumbuka mistari sita kati ya tisa, umepata au umekosa? Huwezi kujua, basi unajihurumia na kusema umepata.

Kadi nzuri ina swali moja na jibu lisilozidi mistari miwili. "Kwa nini ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" Ukiweza, pendelea maswali ya "kwa nini" na "kingetokea nini kama" kuliko ya "nini maana ya". Kadi 10 hadi 15 kwa mada zinatosha. Ukifikisha 60 umeanza kunakili kitabu. Msamiati wa lugha au alama za kemia ziulize pande zote mbili, maana anayejua kwamba Na ni sodiamu anaweza kukwama akiulizwa alama ya sodiamu.

Sema jibu kwa sauti au liandike kabla ya kugeuza kadi. Ukigeuza huku unasema "nilikuwa nataka kusema hivyo", hiyo ihesabu kuwa umekosa. Changanya mpangilio kila siku, kwa sababu akili ni janja: hujifunza kwamba baada ya kadi ya vali inafuata ya ateri, bila kujua chochote kuhusu ateri.

Kuzipanga, hakuna mbinu rahisi kuliko ile aliyoieneza Sebastian Leitner mwanzoni mwa miaka ya 1970: masanduku. Bahasha tatu zinatosha. Kadi zote zinaanzia bahasha ya kwanza, inayopitiwa kila siku. Ukipata, kadi inapanda bahasha ya pili, inayopitiwa kila baada ya siku 3. Ukipata tena, inapanda ya tatu, ya kila wiki. Ukikosa, kadi inarudi ya kwanza hata kama ilishafika juu kabisa. Hapo wengi huionea kadi huruma na kuishusha hatua moja tu. Irudishe mwanzo.

Siku zipishane

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Alionyesha kwamba kumbukumbu hushuka kama jiwe katika saa na siku za mwanzo, halafu kasi ya kusahau inapungua. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Mimi naona ni habari njema: kama tunajua kusahau kunatokea lini, tunajua pia lini pa kurudia. Urudiaji mzuri hufanyika pale ambapo umeanza kusahau lakini hujasahau kabisa. Ukirudia mapema mno, hakuna kazi inayofanyika kichwani. Ukichelewa mno, unaanza upya.

Mapishano hayo yawe ya siku ngapi? Inategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 1,000. Pale ambapo kipimo kilikuja wiki moja baada ya marudio, nafasi iliyofanya vizuri kati ya somo la kwanza na marudio ilikuwa takriban siku 1. Kipimo kilipokuja siku 35 baadaye, ilikuwa kama siku 11. Mtihani ukiwa mbali, pisha zaidi. Ukiwa karibu, kaza.

Sasa tufanye hesabu ya kweli. Una mada 12 zilizokwisha kufundishwa, na wiki 3 kabla ya mtihani. Kila mada ipewe mizunguko mitatu: wa kwanza dakika 40 (kusoma, karatasi tupu, kusahihisha), wa pili baada ya siku 2 au 3 kwa dakika 15, wa tatu baada ya wiki moja kwa dakika 10. Hizo ni dakika 65 kwa mada, dakika 780 kwa zote, yaani saa 13. Ukizigawa katika siku 18, unapata kama dakika 43 kwa siku kwa somo moja, na siku 3 zimebaki za dharura. Saa 13 hizohizo ukizirundika katika siku mbili za mwisho ni mateso, na faida yake haifiki mbali.

Zile siku 3 usizile. Ratiba nyingi hufa siku ya nne kwa sababu zilipangwa kana kwamba hakuna kuumwa kichwa, hakuna wageni na umeme haukatiki. Siku ikiharibika, mada yake ihamie siku ya dharura. Usiisukumie kesho, maana kesho ina mzigo wake. Na uandike kazi inayopimika. "Kusoma kemia saa mbili" inaweza kutimizwa kwa kuitazama kemia saa mbili. "Karatasi tupu ya asidi na besi, kisha kadi 12" haidanganyiki.

Hesabu na masomo ya kukokotoa

Hapa mtego unabadilika sura. Mwanafunzi anafanya maswali 20 ya kanuni moja, anapata 18, anafunga kitabu kwa furaha. Tatizo ni kwamba kichwa cha zoezi kilishamwambia kanuni ya kutumia. Kwenye mtihani hakuna kichwa cha zoezi. Kazi ngumu, ile ya kutambua swali hili ni la aina gani, hakuifanya hata mara moja.

Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, walifundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya mazoezi umbo kwa umbo walipata 89% wakati wa mazoezi. Waliopewa maswali yaliyochanganywa walipata 60%. Wiki moja baadaye waliofanya umbo kwa umbo waliambulia 20%, na wale wa mchanganyiko wakapata 63%. Mchanganyiko unauma wakati wa mazoezi, na kwa sababu unauma watu wanaukimbia.

Kwa vitendo: chagua maswali 4 kutoka kila moja ya mada 3, yanakili bila vichwa, yavuruge. Kabla ya kukokotoa, andika pembeni kwa maneno matano: swali linataka nini, kanuni gani, kwa nini hiyo. Ukikosea hapo, ukokotoaji safi hautakuokoa. Kama mada bado ni ngeni kabisa, usiruke moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Anza na mifano iliyokwisha kutatuliwa: funika jawabu kwa karatasi, fanya mstari wa kwanza, teremsha karatasi ulinganishe, nenda wa pili. Ukiufikisha mfano mwisho bila msaada, ndipo uuchanganye na wenzake.

Mitihani iliyopita

Mitihani ya nyuma ni hazina inayomalizwa ovyo. Ukiwa nayo mitano, mmoja ufanye mapema bila saa, kujua maswali huja kwa sura gani na udhaifu wako uko wapi. Mitatu ifanye kwa saa, kwa kikao kimoja, simu ikiwa chumba kingine (kuizima na kuiweka mezani hakutoshi). Ule wa karibuni zaidi uuhifadhi hadi wiki ya mwisho. Kusoma maswali pamoja na majibu yake kama gazeti ni kuuchoma mtihani, hautakupima tena.

Sahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji ukiupata, tena kwa ubahili. Msahihishaji hakujui na hana muda wa kuwaza ulimaanisha nini. Kama mwongozo unataka "kasi huongezeka kwa sababu chembe hugongana mara nyingi zaidi" na wewe uliandika "kasi huongezeka", jipe maksi ya nusu ya kwanza tu.

Kisha daftari la makosa. Ningeambiwa niache kila kitu kwenye makala hii nibakize kimoja baada ya karatasi tupu, ningebakiza hili. Gawa makosa kwa chanzo chake: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, nililisoma swali vibaya, niliteleza kwenye ukokotoaji. Ugonjwa tofauti, dawa tofauti. La kwanza linakurudisha kwenye kitabu, la pili kwenye kadi, la tatu kwenye mazoezi ya kusoma maswali, la nne kwenye tabia ya kukagua. Anayeona amefeli akaanza kusoma sura zote upya anatibu malaria kwa bandeji.

Mfano wa ingizo moja. Swali: bei ya bidhaa baada ya punguzo la 20% ni 4,800, bei ya awali ilikuwa ngapi? Jibu langu: 4,800 × 1.2 = 5,760. Jibu sahihi: 4,800 ÷ 0.8 = 6,000. Nilipopotea: 20% ilikatwa kwenye bei ya zamani, mimi nikaipiga kwenye mpya. Kinga: andika kwanza "4,800 ni 80% ya nini?" Ingizo zima ni mistari mitano. Ukiandika tu "nilikosea asilimia, niwe makini", hujaandika kitu. Umakini si mbinu.

Kuhusu kulisoma swali vibaya, pigia mstari kitenzi cha amri. "Taja" inataka orodha, hata neno moja moja. "Eleza" inataka sababu au namna. "Linganisha" inataka vitu vyote viwili ndani ya sentensi ileile. Ukiandika aya ya hiki kisha aya ya kile, umeacha kazi ya kulinganisha kwa msahihishaji. "Jadili" inataka pande zaidi ya moja na msimamo. Kwa masomo ya insha, badala ya kuandika insha kumi kamili, andika mifupa minane kwa dakika 5 kila mmoja (msimamo, hoja tatu, mfano wa kila hoja) na insha mbili kamili kwa saa.

Yale mengine

Kalamu ya kung'arisha: haina madhara, ila haifundishi. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusomea. Kupaka rangi na kusoma tena zikawekwa kundi la chini, kujipima na kupishanisha siku zikawekwa la juu. Ukilazimika kupaka, soma aya nzima kwanza, kisha paka kifungu kimoja tu. Ukurasa wenye njano tupu hauna njano.

Kundi la kusomea linafaa kwa sharti moja: vitabu vifungwe. Kila mmoja afafanue kipande kwa dakika 5 bila kuangalia, wengine wamuulize "kwa nini" hadi akwame. Kama kila siku anayefafanua ni yuleyule hodari, mtakaporudi nyumbani atakayekuwa amesoma ni yeye. Ninyi mmesikiliza redio.

Kukesha kuna ubaya wa mara mbili. Usingizi ni wakati ambapo ubongo unaimarisha kilichoingia mchana, na asiyelala huamka na umakini uliochakaa, halafu ndio anasoma maswali. Kahawa haifuti deni hilo. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 5, hivyo kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake ikifika saa tatu usiku. Usiku wa mwisho fanya karatasi tupu mbili za mada zinazokutia wasiwasi, pitia daftari la makosa, panga kalamu na vifaa, ulale. Mada mpya kabisa usiifungue. Itakula saa zako na kukuachia hofu.

Ndani ya chumba

Mtihani wa dakika 120 na maksi 100: toa dakika 10 za kusoma maswali yote na 10 za kukagua, inabaki dakika moja kwa kila maksi. Swali la maksi 20 lina dakika 20, basi. Zikiisha, acha nafasi uhame. Maksi za mwanzo za swali jipya huokotwa kwa urahisi kuliko mbili za mwisho za swali ulilokwisha kulikamua.

Maswali ya kuchagua: funika machaguo, jibu mwenyewe kichwani, kisha fungua utafute jibu lako. Machaguo ya uongo yametungwa na mtu anayejua makosa yenu. Ukianza kwa kuyasoma, unampa nafasi ya kukushawishi. Na ile imani kwamba jibu la kwanza lisiguswe, tafiti za miongo kadhaa hazikubaliani nayo: wanafunzi wanapobadilisha majibu, wanaotoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi ni wengi kuliko kinyume chake. Tunayakumbuka yale tuliyoyaharibu kwa sababu ndiyo yanayouma. Badilisha ukiwa na sababu unayoweza kuitaja. Kama ni wasiwasi tu, acha.

Zile dakika 10 za mwisho usizitumie kusoma majibu yako tangu mwanzo, maana utayatambua tu na kuyaona mazuri. Anza na maswali uliyoruka. Kisha vizio na alama za kutoa kwenye majibu ya namba. Kisha rudi kwenye kila kitenzi ulichopigia mstari, uone kama jibu linafanya kilichoagizwa. Kwenye hesabu, weka jibu lako ndani ya swali na urudi nyuma: 6,000 ukitoa 20% yake ni 4,800?